Chumba cha 45 Ilomba au masta ya 80 Isyesye? Ndo mara yangu ya kwanza kupanga

BintiWaKiwira

Habari zenu jamani, naombeni mnivumilie maana uzi utakuwa mrefu kidogo.

Mimi ni wa kike, miaka 24, kwetu Rungwe. Hapa Mbeya nakaa Uyole kwa mama mdogo tangu nimalize chuo. Septemba nilipata kazi duka la pembejeo pale Mwanjelwa, mshahara 300,000, sio hela ya kutisha ila inatoka kwa wakati. Mama mdogo hana shida na mimi hata kidogo, shida ni nyumba imejaa, nalala chumba kimoja na watoto wake watatu na yule mdogo kabisa tunashea kitanda na bado anakojoa. Naamka saa kumi na moja kubadilisha shuka ndo niende kazini. Nimejibana tangu mwaka jana mpaka sasa nina 620,000 na nimeamua nitoke.

Dalali amenionyesha sehemu mbili.

Ya kwanza Ilomba, chumba single 45,000, wanataka miezi sita. Kimepakwa rangi juzi tu bado kinanukia, kina silingibodi, dirisha la vioo. Choo na bafu viko nje tunashea wapangaji sita, bomba moja uani, luku moja kila chumba kinachangia 7,000 kwa mwezi. Kuna geti, dalali anasema ulinzi mkali. Kwa bajaji mpaka kazini ni karibu tu.

Ya pili Isyesye, masta, tiles, luku ya peke yangu, choo ndani. 80,000 wanapokea miezi mitatu. Ila kutoka lami natembea kama dakika 25 na njia inakatiza kwenye mahindi pande zote mbili. Mchana pazuri mno, upepo, unauona mlima vizuri kabisa.

Nimepiga hesabu. Ilomba ni 270,000 na ya dalali 45,000, jumla 315,000. Isyesye ni 240,000 na dalali 80,000, jumla 320,000. Yaani ni kama sawa tu! Ndo maana moyo unaenda Isyesye, kwann nikashee choo na watu sita wakati hela ya kuingilia ni ile ile?

Sina kitu chochote, hata kijiko. Na mama mdogo bado sijamwambia naogopa ataona kama namkimbia. Anayejua haya mambo anisaidie kabla ya Jumatatu maana dalali anasema kuna mtu mwingine anakitaka.

Vurugu Mechi

Kaa kwa mama mdogo ule ugali wa bure. Mkojo wa mtoto unafulika, kodi haifuliki.

Chumvi Kidogo

Huyo "mtu mwingine anakitaka" ni wa madalali wote Tanzania nzima, mimi alikitaka chumba changu Soweto nikalipa fasta fasta, baadae naambiwa kilikaa wazi tangu Krismasi. Usikimbizwe dada.

Halafu hesabu yako umepiga ya siku ya kuingia tu. Piga ya mwezi wa nne tangu uingie. Isyesye baada ya miezi mitatu unatafuta 240,000 nyingine, maana yake kila mshahara unatenga 80 kabla hujala. Na zile dakika 25 mvua ikinyesha hutatembea, utapanda boda, jioni tena boda. Ilomba ukishalipa umelala nusu mwaka mzima unanunua vitu vyako mdogo mdogo. Sisemi uchukue Ilomba, nasema hizo hela haziko sawa kama unavyoziona.

FundiWaya

Dada mimi ni fundi umeme hapa hapa Mbeya, ngoja niongelee ninachokijua, mengine watasema wengine.

Hiyo 7,000 ya luku. Vyumba sita mara elfu saba ni 42,000. Kwenye hiyo kila mwezi inakatwa 1,500 ya kodi ya jengo, inayobaki inaingia umeme. Sasa mita ya watu sita haiwezi kukaa kwenye lile daraja la watumiaji wadogo, kule mwisho ni uniti 75 kwa mwezi. Kule elfu moja inakupa uniti 8 hivi. Mkizidi mnahamishwa daraja la kawaida, ambako elfu kumi inatoa uniti 28 na ushee tu. Kwahiyo mnaposhea mita moja nyie sita hata kama kila mtu ana taa moja na simu, mnanunua umeme ghali kama mwenye friji mbili na pasi.

Wewe peke yako utatumia nini? Taa, simu, redio, na maji ya kuoga maana hapa Mbeya hakuna mtu anaoga ya baridi asubuhi, anayebisha ni muongo. Ndoo ya lita 20 kuichemsha na koili mpaka ifae kuoga inakula nusu uniti na kidogo. Kila siku kwa mwezi ni kama uniti 17, weka na taa na vingine uniti 20. Kwa mita yako mwenyewe daraja la chini ni kama 2,500, ongeza ile 1,500, unapata elfu nne. Ilomba unalipa elfu saba. Tofauti elfu tatu. Sasa mtu asikudanganye kuwa luku yako peke yako ndo inahalalisha kuongeza 35,000 ya kodi, haihalalishi.

Kinachouma kwenye luku ya kushea ni ugomvi. Kuna mmoja atanunua friji ya kuuza barafu na ataendelea kutoa elfu saba ile ile. Kuna mwingine tarehe ya kuchanga yuko safari. Umeme unakatika saa mbili usiku mnaanza kugongeana milango. Nimeitwa kwenye nyumba nyingi "fundi mita ina tatizo", nikifika mita haina tatizo lolote, tatizo ni chumba namba tatu.

Uliza kama wanakubali sabmita. Ni kamita kadogo kanafungwa kwenye laini ya chumba chako, unalipia ulichotumia. Ukikubaliwa, siku unaingia piga picha namba inayosoma, usije ukalipia za mwenzio aliyehama.

Na hiyo 1,500 ni kodi ya mwenye nyumba sio yako, ila ndo inakatwa kwa anayenunua umeme. Ukipata mita yako ongea mapema iwe inapunguzwa kwenye kodi. Miezi sita ni 9,000, unapata sufuria.

Kingine nimesahau, omba uone risiti ya luku ya hiyo nyumba. Huwa inaandika jina la mteja. Kama jina la kwenye risiti na la huyo anayepokea kodi hayana undugu, uliza kwanza kabla hujatoa hela.

BintiWaKiwira

Fundi asante sana, hayo ya uniti 75 nilikuwa sijui kabisa. Kumbe mama mdogo akinunua ya elfu tano anapata nyingi kwa sababu hiyo.

Nimesahau kusema, kazini msimu wa mbolea, Novemba mpaka Januari, tunafunga saa mbili usiku mara nyingine saa tatu. Wakulima wa mbolea ya ruzuku wanatoka mbali, wanapanga foleni, mtandao unagoma, huwezi kumrudisha mtu katoka Umalila na hela yake mkononi. Kwahiyo kurudi usiku ni lazima.

Vurugu Mechi

Saa tatu usiku katikati ya mahindi dakika 25. Tutakukumbuka dada.

MamaVyumbaVinne

Mwanangu mimi ndo hao mama wenye nyumba mnaotusema. Nina vyumba vinne Nzovwe. Nikwambie kutoka upande wangu.

Miezi sita tunaitaka kwa sababu hela ya mwezi mwezi haijengi kitu, inaishia kwenye mboga. Na wapangaji wa mwezi mwezi wameshatukimbia usiku na kitasa wakabeba. Lakini sio sheria ya Mungu. Chumba kikikaa wazi mwezi mzima, mtu akija na miezi mitatu taslimu, ana kazi inayoeleweka, anaongea na mimi kwa heshima, nampa. Kwahiyo swali lako la kwanza liwe chumba kimekaa wazi muda gani, na usimuulize dalali wala usimuulize mwenye nyumba. Kaulize waliopo bombani wanafua. Wale watakwambia mpaka aliyehama alihama kwanini na alikuwa anapika nini.

Rangi mpya. Hapa nitajisema mwenyewe. Nyumba ya zamani, vyumba vyote vimefifia, kimoja tu kinanukia rangi. Gusa ukuta chini ya dirisha na kwenye kona, usiguse katikati. Rudi siku imenyesha. Rangi ikiwa imevimba kama chapati jua kuna maji yanapita ndani ya ukuta na mwezi wa sita utalala na unyevu huo. Mimi nilishapaka chumba hivyo, yule kijana alikaa miezi miwili akaondoka na kifua, nikaona aibu, nikaita fundi akachimba msingi upande wa nyuma maji yakapata njia. Ilikuwa gharama ndogo kuliko nilivyodhani, uvivu tu.

Geti. Umesema dalali anasema ulinzi mkali. Ulinzi mkali maana yake linafungwa saa ngapi na funguo anakaa nazo nani? Binti anayefunga duka saa tatu hawezi kukaa nyumba ambayo funguo analala nayo mtu mmoja. Utagonga mpaka mtaa mzima ujue umerudi saa ngapi na waanze kukupangia maneno.

Mkataba uandikwe nakala mbili, hata kwa mkono, tarehe, kiasi, miezi, na nani anatengeneza kitu kikiharibika. Mkasaini ofisi ya mtaa mwenyekiti akiwa shahidi. Mwenye nyumba akikataa kwenda kwa mwenyekiti ondoka.

Na mama yako mdogo mwambie KABLA hujalipa. Usimwambie kwa meseji, kaa nae chini jikoni anamenya viazi. Umwambie "mama nimepata chumba naomba twende ukakione". Usimwambie nahama. Ukimwambia nahama ameshapoteza, ukimwambia twende ukakione unamuheshimu, na hakuna mtu anakagua nyumba kama mama mwenye wasiwasi.

Chumvi Kidogo

Mama hapo kwenye chapati umeniua 😂 ukuta wangu sasa hivi ni chapati za maji kabisa.

Kamwene wa Kihesa

Kamwene wote. Mimi niko Iringa ila baridi yetu ni ndugu moja na yenu, nyie mko juu zaidi. Sasa hivi mwezi wa nne unaisha, dada anahamia ndo baridi inaingia, nashangaa hakuna aliyeligusa hili.

Nilivyoanza kupanga nilikuwa na godoro, ndoo, blanketi moja na redio. Godoro nikatandika chini kwenye sementi. Nikawa nalala na soksi na jaketi, asubuhi mgongo kama wa mzee. Wiki ya tatu nikanyanyua godoro nifagie, chini kote limeota ukungu mweusi madoa madoa kama ngozi ya chui na limelowa, na mvua ilishakata kitambo. Jasho langu mwenyewe linashuka likikutana na sementi ya baridi linabaki hapo hapo. Nikalianika siku nne harufu ikagoma kutoka. Kwahiyo kama huna hela ya kitanda nunua hata chaga tupu, au omba mbao za kreti kwenye maduka ya jumla, uliinue godoro lipate hewa chini. Kapeti la plastiki halisaidii kwenye hilo, linafungia unyevu. Blanketi na mashuka mazito nenda mitumba ya Sido hapo hapo Mwanjelwa, nenda mapema asubuhi, shika kwa mkono pima uzito usiangalie rangi.

Nje ya hapo ufungue dirisha kila siku hata dakika kumi. Najua baridi. Fungua.

Sasa la muhimu naomba usome polepole. USILALE NA JIKO LA MKAA NDANI. Najua kila mtu kakua anaota moto jikoni, lakini jiko la kwetu kijijini lilikuwa na paa linalopitisha moshi na kuta zina matundu. Chumba chako kina silingibodi, dirisha la vioo, na kwa sababu ya baridi umeziba mpaka chini ya mlango kwa kitenge. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, watu wanadhani ndo umekuwa salama, kumbe ule ndo unatoa ile hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haikukohozi wala haikuamshi. Unasikia kichwa kizito, usingizi mtamu, basi. Sisi jirani yetu alipika maharage jioni akaona moto mzuri wa bure akaingiza jiko ndani apate joto kidogo, asubuhi simu yake inaita haipokelewi tukavunja mlango. Alipona kwa kuwa dirisha lake lilikuwa na kioo kimepasuka. Kioo kilichopasuka, ambacho alikuwa anamlalamikia mwenye nyumba kila siku! Mwezi mzima baada ya hapo alikuwa analalamika kichwa na kusahau sahau vitu.

Ukitaka joto, chupa ya plastiki ngumu au ule mpira wa maji ya moto, weka miguuni dakika kumi kabla ya kulala. Na ule kabla ya kulala, njaa ina baridi yake.

FundiWaya

Naunga mkono mkuu wa Kihesa. Na hita za koili nyekundu zile za bei rahisi usichomeke kwenye ekstensheni ya elfu tano. Nimeshakuta ekstensheni imeyeyukia kwenye kapeti, mwenyewe kalala.

Vurugu Mechi

Sasa nimekuwa serious kidogo. Dada nunua kufuli lako na ubadilishe kitasa siku hiyo hiyo. Aliyetoka ana funguo, dalali ana funguo, shemeji wa dalali ana funguo. Na boda akikuleta usiku shuka nyumba mbili kabla ya kwako. Dada yangu anafanya hivyo mpaka leo.

Chumvi Kidogo

Kumbe una moyo.

Vurugu Mechi

Kidogo.

Mpangaji Mstaafu

Naongezea moja. Acheni kuwategemea madalali kwa vyumba vya chini ya laki. Hela ya dalali ni kodi ya mwezi mzima, na kuna wanaokudai elfu tano ya kuonyeshwa tu hata usipokipenda. Chagua mtaa unaoutaka kwanza, nenda Jumamosi, nunua maandazi, kaa. Muulize mama wa maandazi, muulize mwenye genge, muulize kinyozi. Wao wanajua nani anahama kabla hata mwenye nyumba hajajua, kwa sababu anayehama huwa anakuja kulipa madeni ya genge. Au hatokei kabisa, nayo ni taarifa.

Dada kwa kazi ya Mwanjelwa na kulala kwa mama mdogo Uyole, angalia Sae, uko katikati na uko karibu na lami.

BintiWaKiwira

Jamani nimerudi. Samahani nimekaa wiki mbili kimya, nilikuwa nahangaika.

Jumamosi ile ilinyesha kweli, nikasema ndo siku yenyewe. Nikaenda Ilomba bila dalali, saa mbili na nusu usiku makusudi nione hilo geti. Limefungwa! Nimegonga mpaka mkono unauma, akaja kijana mmoja mpangaji, ananiongelesha kwa kupitia tundu, anasema funguo anazo mama na ameshalala, rudi kesho. Nikamuuliza we ukichelewa unafanyaje, akasema "naruka". Na miaka yangu 24 na sketi ya kazini sijui ningeruka wapi.

Asubuhi nikarudi, nikawakuta wadada wawili bombani. Sikuuliza hata maswali mawili. Aliyekuwa anakaa kile chumba alikaa miezi miwili tu, anafanya kazi hotelini zamu ya usiku, akashindwa na geti, na hela yake ya miezi minne haikurudi. Nikaomba nione chumba tena. Chini ya dirisha nimeweka kiganja nikabonyeza kidogo, rangi ikazama ndani kama nabonyeza ngozi ya maziwa, ilipopasuka maji ya rangi ya chai yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Mama VyumbaVinne nilikukumbuka nikataka kucheka peke yangu. Nikafunga mlango nikaaga.

Isyesye sikurudi. Vurugu Mechi umenitia woga na yale mahindi.

Basi nikafuata ya Mpangaji Mstaafu. Sae, mama mmoja anauza maandazi na supu karibu na stendi ya bajaji, nimekula kwake siku tatu mfululizo mpaka ananijua. Siku ya nne ananiambia kuna mwalimu amehamishwa, anaondoka mwisho wa mwezi, nyumba ile pale ya bati la kijani. Chumba ni kidogo kuliko cha Ilomba, sakafu ni sementi nyekundu ile ya zamani, hakuna tiles hakuna silingibodi. Choo tunashea wawili, mimi na dada mmoja nesi. Geti kila mpangaji ana funguo yake. Kila chumba kina sabmita, nimepiga picha namba siku naingia, Fundi.

Walisema 60,000. Nilikuwa tayari kukubali, ila nikasema ngoja nimwambie mama mdogo kwanza. Nilimkuta jikoni, hakuwa anamenya viazi, alikuwa anachambua mchele, nikamwambia vile vile nilivyoelekezwa. Akakaa kimya kama dakika nzima, akatoa jiwe kwenye mchele akalitupa, akasema "tunaenda lini?"

Jamani yule mama ni mkaguzi. Aliingia chumbani akapiga teke mlango uone unavyofunga. Akavuta maji chooni mara mbili. Akapanda kwenye ndoo akachungulia bati kwa ndani. Akamuuliza mwenye nyumba mtoto wake wa mwisho anasoma wapi, kwao wapi, na katika kuulizana wakajikuta wote wa upande wa Kiwira na wanamfahamu mchungaji mmoja, basi ikageuka Kinyakyusa tupu, wanacheka, wanapigana mabega, mimi nimesimama uani nimeshika ndoo kama niliyeletwa kuajiriwa. Walipomaliza kodi ilikuwa 55,000 na miezi mitatu. 165,000, dalali hakuna. Mama wa maandazi nilimpelekea kitenge.

Mkataba tumesaini ofisi ya mtaa. Kitasa nimebadilisha. Godoro la nne kwa sita ndo limekula hela kuliko kitu chochote, na chaga fundi mmoja wa Mwanjelwa kanitengenezea kwa mbao za kreti. Mama mdogo kanitumia kwa bajaji debe la viazi, unga, mkungu wa ndizi na blanketi lake zito lile la kijivu ambalo alikuwa hamruhusu mtu hata kuligusa.

Usiku wa kwanza nilikuwa nimeweka kila kitu sawa, gesi ile ya kilo sita nimefunga, sufuria ipo, mafuta yapo, chumvi ipo. Nataka kukata kitunguu. Kisu hakuna. Katika ule uzi wote hakuna hata mmoja wenu aliyenitajia kisu! Nimekigawanya kitunguu kwa mfuniko wa sufuria, nyanya nimepasua kwa meno, nimekaa kwenye ndoo nikala peke yangu saa tatu usiku, kimya, hakuna anayenivuta shuka. Nikamkumbuka yule mtoto nikalia kidogo kisha nikalala mpaka saa moja kasoro, nikachelewa kazini.

Swali la mwisho, mtungi wa gesi usiku nautoa nje au nalala nao ndani? Nesi anasema nje, fundi aliyeniuzia anasema ndani.

FundiWaya

Nje utaibiwa. Lala nao ndani ila funga pale juu kwenye rejuleta kila ukimaliza kupika, usiishie kufunga jiko tu. Uweke karibu na mlango mbali na kitanda, maana gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na wewe godoro lako liko chini chini. Ukisikia harufu usiwashe wala usizime taa, fungua mlango, toka.

Hongera dada.

Vurugu Mechi

Kisu Sido elfu mbili. Usimuazime nesi.